Kona ya Sabato: Fundo la Mokua

Tulimwacha Bochaberi amesimama katikati ya uwanja wa chifu, kidole kikiwa karibu kumtoboa Owiti jicho. Alikuwa amemwita muuaji mbele ya kijiji kizima. Na Owiti, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu baraza lianze, akainua uso na kusema maneno ambayo nyinyi wasomaji mmenisumbua nayo wiki nzima.

"Matawi niliweka, mama. Na niko na shahidi."

Kwa waliokosa gazeti la wiki jana, mambo ni haya. Owiti ni dereva wa lori la mchanga kutoka upande wa ziwani. Alfajiri moja ya ukungu mzito lori lake lilikufa kwenye kona ya Sabato, karibu na Keumbu, hapo penye kibao cha kanisa. Aliliacha palepale akaenda kumtafuta fundi. Mokua, mume wa Bochaberi, akateremka na bodaboda yake bila kuona dalili yoyote ya hatari, akaingia chini ya lori. Hakutoka akiwa hai.

Polisi hawakukuta pembetatu ya kung'aa wala tawi moja la kuwaonya madereva barabarani. Bochaberi ndiye aliyefika wa kwanza kutoka nyumbani, na Jumatatu atasimama kortini aape kwamba lami ilikuwa tupu. Ushahidi wake ndio utakaomfunga Owiti.

"Basi huyo shahidi asimame," akasema Chifu Obwocha.

Viti vya plastiki vikakwaruza nyuma kabisa. Akasimama Machogu.

Uwanja ukalipuka kwa kelele. Machogu! Kama hujawahi kutembea kando ya barabara ile, acha nikueleze Machogu ni nani. Ni yule dereva wa Probox anayepakia watu wanne mbele, mmoja wao akikalia nusu ya kiti cha dereva. Ni yule anayeongea na simu huku akipita lori kwenye kona. Ni yule anayewapigia watoto wa shule honi mpaka wanaruka mtaroni na sare zao, halafu anacheka. Kijiji kimemlaani mpaka kimechoka.

"Wewe ndiye utatueleza mambo ya barabara?" akafoka Abigael, muuza ndizi. "Juzi umekanyaga mkungu wangu mzima, hata hukugeuka!"

"Mama, ndizi ilikuwa kwa lami."

"Ilikuwa nje ya lami, na wewe pia ulikuwa nje ya lami!"

Watu wakacheka. Chifu akapiga meza. Machogu akavua kofia, akaikunja mikononi.

"Asubuhi hiyo nilipita Sabato," akasema. "Kulikuwa na ukungu mbaya. Niliona lori. Upande wa juu wa barabara, kabla ya kulifikia, nikaona mtu ameinama katikati ya barabara, anaokota majani. Karibu nimgonge. Nikapiga honi, akabeba mzigo wake akapanda na njia ya miguu."

Kicheko kikakatika. Bochaberi alikishusha kidole chake polepole.

"Uliona mtu anaondoa majani ya hatari," akasema. "Ukafanya nini?"

"Nilipiga honi."

"Baada ya honi?"

"Nilienda. Nilikuwa na wasee wa kazi, walikuwa wamechelewa."

"Hukusimama."

"Mama, hapo ni kona. Nani anasimama kwa kona?"

Hebu msikilizeni mtu huyu. Kona anaijua siku ya kusimama tu. Siku ya kupita magari ya wenzake huwa haioni.

"Niambie kitu kingine," akasema Bochaberi. "Ulipita pale mara moja tu?"

Machogu akaitazama kofia yake. "Nilirudi na abiria wengine. Majani hayakuwa tena. Lori lilikuwa hapo tu."

"Ukakutana na nani?"

"Aki mama, wacha hiyo."

"Ukakutana na nani, Machogu?"

"Nilikutana na Mokua. Hapo juu kwa shamba la chai, anateremka. Alinipungia mkono."

Abigael akashika kichwa. Bochaberi hakulia. Hasira ilimkausha machozi yote.

"Polisi wakisimama Keroka, nyinyi madereva mnawashiana taa mpaka Kisii mjini," akasema. "Mnawasaidia hata wasio na leseni. Hata walevi mnawaokoa na polisi. Na mume wangu, aliyekupungia mkono, hukuweza kumwashia taa mara moja? Kidole tu, Machogu. Kidole tu!"

Machogu akaizungusha kofia mikononi.

"Huyo aliyeokota," akauliza chifu, "ni nani?"

Jicho la Machogu likaruka kwa Bochaberi, likatua chini haraka.

"Ni mama. Ni mzee. Uso sikuona, chifu. Ukungu."

Chifu akamgeukia Owiti. "Na wewe. Unasema uliweka matawi. Matawi gani? Pale hakuna miti."

"Haikuwa ya mti," Owiti akajibu. "Ni hii nyasi yenu ndefu. Iko mingi hapo kwa ukingo. Nilikata na panga, nikaweka fungu kubwa kwa lami, hapo juu kabla ya kufika lori, mahali magari inatokea. Upepo ilikuwa inapeperusha, kwa hivyo nikafunga na kamba ya turubai."

Mzee mmoja wa mbele akashika mashavu yake.

"Nepia? Umeweka nepia barabarani?"

"Ndiyo. Shida ni nini?"

Shida! Msomaji wangu wa mbali, huenda nawe unauliza hivyohivyo. Huku kwetu shamba limegawanywa mpaka mtu na ndugu yake wanasalimiana kwa dirisha. Ng'ombe hatoki zizini kwa sababu hana pa kwenda. Nepia, nyasi ya kulishia ng'ombe, hupandwa ukingoni mwa barabara, hukatwa kabla umande haujakauka, na mwenye ng'ombe akiona fungu limeanguka kutoka kwa pikipiki au pikapu ya mtu, huliinua akamshukuru Mungu. Kuweka nepia barabarani kuwa alama ya hatari ni kuweka sahani ya chakula mlangoni pa wenye njaa na kutarajia ikae.

"Kwetu ng'ombe inajitafutia," Owiti akasema, sasa sauti imemwishia. "Hakuna mtu anaokota nyasi kwa barabara. Ningejua aje? Mimi niliona majani, nikakata majani."

"Na pembetatu ulikuwa nayo wapi?" chifu akamkata.

"Sikuwa nayo. Tajiri wangu hakununua, na mimi nikaendesha hivyo hivyo. Hiyo ni makosa yangu, nitajibu mbele ya hakimu. Lakini wananiambia niliacha gari kama mtego, nikaenda kunywa chai. Hiyo sikufanya." Akamwangalia Bochaberi. "Mama, mimi najua uchungu yako. Lakini usiape kwamba sikuweka kitu."

"Maneno matupu!" kijana wa bodaboda akapiga kelele. "Kila mtu anaweza kusema aliweka. Alama iko wapi?"

"Kamba," akasema Owiti. "Mkipata kamba, mtajua sidanganyi. Ni ya manjano. Ina uzi mwekundu unapita katikati. Kipande ile ingine bado iko kwa lori, muende mlinganishe."

Bochaberi akakaa chini.

Waliokuwa karibu walidhani ni uchungu wa mjane, wakampepea kwa leso. Lakini Bochaberi alikuwa ameirudia asubuhi ile, na safari hii aliiona yote.

Mama mkwe wake, Edinah, alirudi kutoka kukata majani mapema kuliko siku zote. Alikuwa na mzigo mkubwa kichwani na alianza kuita tangu langoni: "Mokua, njoo unitue! Leo Mungu amenikumbuka. Mtu ameangusha nepia yake barabarani akaenda zake!"

Mokua akaweka kikombe cha uji, akamtua mama yake. Akacheka. Akaifungua kamba iliyofunga mzigo, akaivuta kwa mikono miwili kupima nguvu zake. "Hii si kamba ya kutupa," akasema. Ilikuwa ya manjano, na uzi mwekundu ulipita katikati. Akamfunga nayo ndama, mafundo mawili ya nguvu. Uji akaumalizia amesimama, akawasha pikipiki, akaondoka.

Alimtua mama yake mzigo ule kwa mikono yake mwenyewe, halafu akaenda kuufia. Na tangu siku hiyo fundo lake lilikuwa bado liko shingoni mwa ndama, na Bochaberi alilishika kila asubuhi.

"Bochaberi," chifu aliita. "Una swali kwa Owiti?"

Kijiji kikamgeukia. Huyu ndiye mwanamke aliyezunguka ofisi zote akidai haki ya mumewe, aliyesimama na bango lami ikiwaka jua, aliyewataja madereva mmoja mmoja kwa majina bila woga. Wote walisubiri amkaange Owiti.

"Sina," akasema.

"Huna?"

"Sina swali."

Chifu akatangaza kwamba yeyote aliye na kamba ya namna hiyo, au aliyeiona kwa jirani, ailete kabla ya Jumatatu. Watu wakatawanyika wakinong'ona. Owiti alipopita mbele yake, Bochaberi alitazama viatu vyake. Mwezi mzima alikuwa amemwombea mtu huyu aoze gerezani. Sasa alimwona ana kiraka kwenye goti la suruali, na alichukia kwamba amekiona.

Akashika njia ya nyumbani, kando kabisa ya lami, mguu mmoja kwenye nyasi.

Hakufika mbali. Honi ikamlipukia kisogoni, akaruka mtaroni, matope yakamrukia mpaka kifuani. Probox ikasimama. Nadhani mmemjua mwenyewe. Nusu saa tu ilikuwa imepita tangu aaibike mbele ya kijiji, na tayari alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya kuwatupa watu mtaroni.

"Mama, panda nikupeleke," akasema Machogu kupitia dirishani.

"Niue kwanza ndiyo unipeleke."

"Si nilikuwa nakuita tu."

"Kwa honi? Mdomo umepeleka wapi?"

Machogu akashuka, gari akaliacha katikati ya barabara, mlango wazi. Akasogea karibu.

"Nilimjua," akasema kwa sauti ya chini. "Yule wa majani. Ni omongina wenu, yule mzee wa nyumbani kwenu. Ni Mama Edinah."

Bochaberi akatoka mtaroni. "Ulisema hukuona uso."

"Ningemtaja aje mbele ya watu? Mama amezika mtoto juzi. Mimi si mnyama."

"Basi nyamaza hivyohivyo."

"Hapo ndiyo shida." Machogu akajikuna shingo. "Owiti ameniandikisha kwa wakili wake. Jumatatu nitashika Biblia. Mimi ni Msabato, mama. Nikiulizwa nimeshika Biblia, siwezi kudanganya."

"Biblia unaiogopa. Kona huiogopi."

"Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Ni jambo moja, Machogu. Ni mtu yuleyule anayekufa."

Lori la majani chai likatokea nyuma, likakuta Probox imeziba njia. Dereva wake hakupunguza mwendo. Alilala juu ya honi, akaingia upande wa pili, akapita kwenye kona bila kuona mbele, akitukana kwa dirisha. Mwanafunzi aliyekuwa akivuka alijitupa kwenye nepia. Alitoka mzima, Mungu saidia, akajipangusa, akaendelea na safari yake kama mtu aliyezoea. Hilo ndilo lililomuuma Bochaberi zaidi, kwamba mtoto amezoea.

"Mwambie mwenyewe kabla ya Jumatatu," Machogu akasema, akirudi garini. "Asisikie kwangu. Asisikie pale mbele ya hakimu."

Akaondoka bila kutazama nyuma wala kando.

Njia yote ya kupanda nyumbani Bochaberi alipigana na nafsi yake. Akisema ukweli, Edinah atajua kwamba majani aliyomshukuru Mungu kwayo ndiyo yaliyomuua mwanawe wa pekee. Mama yule hali vizuri tangu mazishi. Hajakanyaga lami hata mara moja, baraza lenyewe alikataa kwenda. Habari hiyo itammaliza. Na asiposema, mtu mwenye watoto atafungwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na mkono utakaomfunga ni wa Bochaberi, umeinuliwa kwa kiapo.

Hasira yake ilitafuta pa kutua ikakosa. Owiti hakuwa na pembetatu. Tajiri wake alikuwa na lori lakini hakuwa na moyo wa kununua vipande vitatu vya plastiki. Machogu alipita mara mbili. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kosa, na vyote vilikusanyika kwenye kona ile siku moja. Na kipande kimoja kilikuwa kwake nyumbani, kimefungwa shingoni mwa ndama.

Alipofika aliingia zizini moja kwa moja. Edinah hakuonekana. Ndama akamlamba mkono. Bochaberi akashika fundo, akajaribu kulifungua kwa kucha. Halikufunguka. Mokua alikuwa akifunga vitu kana kwamba hatarudi kuvifungua. Akajaribu kwa meno. Akaanza kulia palepale, meno yakiwa kwenye kamba, kwa sababu ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe na yeye alikuwa anaiharibu.

Kisha akachukua kisu cha kukatia majani, akakata pembeni ya fundo.

Jikoni moto ulikuwa unawaka. Hatua chache tu. Kamba ya nailoni haikawii, ingeyeyuka ikawa kitonge cheusi, na Machogu angebaki na neno lake tupu, neno la mtu ambaye hakuna anayemwamini. Alikuwa ameshavuka ua nusu.

"Umekata fundo la mwanangu?"

Edinah alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, kijiti cha moto mkononi. Alikuwa mwembamba siku hizi, gauni likimning'inia mabegani.

"Mama, ilikuwa inamkaba ndama," akasema Bochaberi.

"Ungeniita. Ningeilegeza." Edinah akasogea, akalitazama fundo kwenye kiganja cha mke wa mwanawe. Hakukasirika. Alilisikitikia tu, akalipapasa kwa kidole. "Aliifunga yeye. Kumbuka alivyoisifu. Nipe."

"Mama, ngoja kwanza."

"Nipe, mwanangu. Barazani wamesema nini? Yule mtu amesema nini?"

Bochaberi akafumba kiganja. "Amesema aliweka majani."

"Mwongo!" Mama akatupa kijiti chini, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi macho yake yakapata uhai. "Mwongo mkubwa! Mimi nilipita pale asubuhi ile. Lori nililiona kwa macho yangu. Hakukuwa na tawi hata moja! Kulikuwa na ile nepia ya mtu tu, iliyoanguka."

"Mama..."

"Yaani wamekuacha peke yako siku zote hizi, na mimi nimekaa hapa nalia kama mjinga, kumbe shahidi ni mimi! Jumatatu twende wote. Nitasimama mbele ya hakimu, nitashika Biblia, nitasema nilipita, hakukuwa na alama. Nataka nimwangalie machoni aliyemuua mtoto wangu."

"Mama, nisikilize. Kaa chini kidogo."

"Nitakaa siku akifungwa."

Akaichukua kamba kutoka mkononi mwa Bochaberi, akaipangusa kwa upindo wa gauni mpaka uzi mwekundu ukaonekana vizuri. Akajizungushia kiunoni, akaikaza mahali ambapo wanawake wetu hufunga leso wakienda kwenye jambo zito, na fundo la Mokua akaliweka mbele.

"Nitakwenda nayo hivi," akasema. "Ndicho kitu cha mwisho alichokishika. Hakimu akiniuliza, nitamwonyesha."

Bochaberi akanyoosha mkono kuishika kamba, machozi yakimtoka.

Edinah akamfuta machozi kwa kiganja, akatabasamu, tabasamu ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau.

"Mbona unalia sasa?" akauliza. "Si mwongo tumempata?"